Utando mwembamba unaobeba ndoto ya haidrojeni

Umeshasikia kuhusu gari la haidrojeni kama Toyota Mirai? Halina moshi, linatoa maji tu. Lakini moyo wake ni kitu ambacho wengi hawakijui: utando wa plastiki, mwembamba kuliko unywele wako.

Uko ndani ya seli za fueli, zinazozalisha umeme wa gari, na kazi yake ni kama ya bawabu. Haidrojeni huingia upande mmoja na kugawanyika kuwa protoni na elektroni. Utando hupisha protoni pekee. Elektroni hulazimika kuzunguka kupitia waya, na huo ndio umeme. Upande wa pili zote hukutana na oksijeni, yakawa maji.

Rahisi, sivyo? Ngoja kwanza.

Chombo cha Gemini 5 cha Marekani kiliporuka mwaka 1965, kilibeba seli za aina hii. Utando wake ulitokana na polisitirini, na haukudumu. Baadaye kampuni ya DuPont ikaleta Nafion, plastiki yenye florini inayostahimili zaidi. Hadi leo, nyingine zote hupimwa nayo.

Tatizo ni kwamba Nafion hutaka unyevu. Joto likipita nyuzi 100, maji hukauka na protoni hukwama. Ukiufanya utando uwe mwembamba zaidi protoni zipite chapchap, haidrojeni nayo huanza kupenya. Ukiziba huku, kunavuja kule.

Ndiyo maana watafiti hawalali. Kuna wanaouimarisha kwa wavu mgumu ndani yake. Wengine huongeza seriamu kidogo ili kuzima kemikali zinazoula. Wengine hutumia plastiki ya PBI iliyolowekwa asidi ya fosfori, inayofanya kazi hata kwenye nyuzi 160.

Na kuna kibarua kipya. Nafion ni ya jamii ya PFAS, kemikali zisizooza. Mwaka 2023 nchi tano za Ulaya zilipendekeza jamii hiyo idhibitiwe vikali. Sasa unasakwa utando usio na florini lakini unaodumu vilevile.

Hayo yanakuhusu vipi? Mwaka huohuo Kenya ilizindua mkakati wa haidrojeni ya kijani, na baadhi ya mitambo ya kuipata kutoka kwa maji hutumia utando wa aina hiihii. Kwa hivyo usikimbie kemia. Huenda jibu linalosakwa likatoka kwenye maabara yako.