Kazi Iliyo Zawadi: Kufasiri Maadili ya Kibudha katika Mazingira ya Mbeya na Iringa

1. Utangulizi

Wabudha nchini Tanzania ni wachache. Hekalu lao lililoko Dar es Salaam lina chimbuko katika jumuiya ya Wasinghala waliohamia nchini enzi za ukoloni kutoka Sri Lanka. Kwa msomaji wa Nyanda za Juu Kusini, basi, mafundisho ya Kibudha hufika hasa kwa njia ya maneno yaliyofasiriwa. Makala haya yanachunguza maneno matatu yanayohusu kazi na mahusiano ya kila siku. Hoja yetu ni kwamba neno la wenyeji hufaa kuwa mlango wa kuingilia dhana ngeni, mradi mfasiri aoneshe pale linapoishia.

2. Kazi: shramadana na mgowe

Mwaka 1958, A. T. Ariyaratne, mwalimu wa Chuo cha Nalanda, Colombo, aliwapeleka wanafunzi wake katika kijiji cha Kanatoluwa kufanya kazi pamoja na watu wa tabaka lililodharauliwa. Hapo ndipo ilipoanzia harakati ya Sarvodaya. Kazi hiyo iliitwa shramadana: shrama ni juhudi au kazi, na dana ni utoaji. Kwa Ariyaratne, kuchimba barabara kulikuwa sehemu ya ibada yenyewe: mtu hujenga njia, na njia nayo humjenga mtu.

Neno msaragambo halifai hapa, kwani ni kazi inayoitishwa na uongozi, na asiyehudhuria aweza kutozwa faini. Mkoani Iringa lipo neno lililo karibu zaidi: mgowe. Mwenye shamba huandaa pombe, majirani huja kulima, naye hupaswa kwenda kwao watakapomwita. Lakini mgowe huacha deni, ilhali dana hutakiwa isiache deni lolote. Aidha, pombe inayowakusanya watu hukatazwa na kanuni ya tano ya Kibudha.

3. Usawa: samanatmata na ukwangala

Katika kazi hizo, Sarvodaya ilisisitiza samanatmata, yaani kuwaona wengine kuwa sawa na nafsi yako. Mkoani Mbeya, Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, alieleza katika kitabu chake cha 1951 dhana ya ukwangala: kufurahia kuwa pamoja, kula pamoja na kusaidiana. Hata hivyo, ukwangala aliouona ulistawi hasa miongoni mwa wanaume wa rika moja, katika vijiji vya rika. Samanatmata haina mpaka wa rika, jinsia wala tabaka.

4. Usemi: priyavacana na hasira

Ugumu mkubwa zaidi umo katika priyavacana, usemi unaopendeza. Tukisema "maneno matamu", msikilizaji wa Kiswahili atashuku ulaghai. Tukisema "maneno ya heshima", aweza kudhani anatakiwa kuficha hasira yake. Kwa Wanyakyusa aliowaeleza Wilson, jambo hilo lilikuwa hatari: hasira iliyofungiwa moyoni iliaminiwa kuleta maradhi, na ndugu walipaswa kuitamka kabla ya kupatana katika matambiko.

Ubudha nao hauamuru kuficha. Humtaka mtu aitambue hasira inapozuka, asiikane wala asiifuate, ndipo aseme lililo kweli, kwa wakati wake na kwa nia njema. Kwa hiyo tunapendekeza "kauli njema", ambayo wema wake umo katika nia kuliko katika utamu wa sauti.

5. Hitimisho

Kwa shramadana, Kiswahili kinalo neno kujitolea. Umbo lake linafaa: kirejeshi -ji- na mnyambuliko wa kutendea humfanya mtoaji awe ndiye pia kinachotolewa kwa ajili ya mwingine. Matumizi yake yamefifia pale "mtu wa kujitolea" anapokuwa mtu anayesubiri posho, lakini maana ya asili haijapotea.

Mfasiri aendaye Iringa na aanze na mgowe, kisha aulize: ingekuwaje iwapo jirani asingedaiwa? Aendaye Rungwe na aanze na ukwangala, kisha aulize: nani ameachwa nje? Katika maswali hayo ndimo mafundisho yanapogusa jembe, chungu na ulimi wa mtu. Tafsiri isiyoyauliza itatoa istilahi safi ambazo hakuna atakayeziishi.