Mvinyo mweupe wa bei nafuu kwa samaki wa Ziwa Victoria

KAMPALA – Ngege wa kukaangwa wa Ggaba hahitaji mvinyo wa bei ghali. Unaomfaa ni mkavu wenye uchachu, kama Sauvignon Blanc ya Afrika Kusini iliyopoozwa vizuri, kwani uchachu hukata mafuta kama ndimu. Sangara mwenye mnofu mnene, au matoke kwa mchuzi wa karanga, huendana na Chenin Blanc. Penye pilipili, chagua wenye utamu kidogo.

Bei nayo ina sababu zake. Uganda haina bahari, hivyo shehena nyingi hupitia Mombasa na Malaba. Juu ya nauli huja ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 18. Mnunuzi analipia safari na kodi, si zabibu peke yake.

Chenin Blanc hulimwa pia Dodoma, Tanzania. Chini ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulioanza mwaka 2005, mvinyo wa huko wenye cheti cha uasili hupita Mutukula bila ushuru wa forodha, ingawa kodi za ndani hubaki. Kabla ya kulipia jina la mbali, muulize muuzaji kama anao.