Ngome inapovuja, shabiki wa magongo hubaki na daftari lake

NAIROBI. Refa alipoashiria kona fupi, mzee alifumba macho. Hakuhitaji kuona kilichofuata. Alisikia mpira ukigonga ubao wa nyuma ya lango, kisha kelele za upande wa pili wa jukwaa. Akatoa daftari la shule mfukoni, akaandika dakika, na pembeni herufi mbili: KF. Kona fupi, tena.

Mkazi huyu wa Ngara, fundi cherehani aliyewahi kucheza beki, huja Uwanja wa City Park karibu kila wikendi kuitazama klabu yake. Washambuliaji hawamsumbui, magoli yanapatikana. Kinachomkosesha usingizi ni safu ya ulinzi. Timu inaongoza hadi robo ya tatu, na ya nne inapoanza ngome inafunguka kama mlango usio na komeo. Vijana wanaokaa karibu naye wanamlaumu kipa. Yeye huwaambia wamwache kipa, wamtazame beki anavyosimama.

Hoja yake ina uzito. Katika magongo, mpira ukigusa mguu wa beki ndani ya duara la lango lake, hata bila kukusudia, wapinzani hupewa kona fupi. Hapo wanaruhusiwa walinzi watano tu nyuma ya mstari wa lango, kipa akiwa mmoja wao. Wenzao hurudishwa katikati ya uwanja hadi mpira uchezwe. Pigo la kwanza likiwa la kugonga, mpira lazima uingie chini ya sentimita 46, lakini anayeuburura kwa gongo na kuurusha anaruhusiwa kuupeleka hata kwenye kona ya juu. Mlinzi wa kwanza hutoka mbio akiukabili mpira huo kwa mwili wake, amevaa barakoa, kama klabu inazo barakoa za kutosha.

Kwa hiyo beki mzuri, anasema mzee, hazuii kona fupi. Anazuia isipatikane. Anainama, gongo liko chini, miguu iko mbali na mpira. Beki aliyechoka husimama wima, na mpira humkuta mguuni. Daftari linamuunga mkono: magoli mengi yaliyoandikwa KF ni ya dakika za mwisho.

Inamuuma zaidi kwa sababu Kenya iliwahi kujulikana kwa mabeki. Avtar Singh Sohal, beki aliyeshiriki Olimpiki nne kuanzia 1960 hadi 1972, alikuwa nahodha katika tatu za mwisho. Mwaka 1964 mjini Tokyo Kenya ilimaliza ya sita. Mwaka 1971, kwenye Kombe la Dunia la kwanza mjini Barcelona, ilishika nafasi ya nne. Timu ya wanaume imecheza Olimpiki mara saba, na ya mwisho ilikuwa Seoul 1988.

Majirani nao wana kumbukumbu zao. Uganda ilikwenda Munich mwaka 1972 na kutoka sare ya 1-1 na Ujerumani Magharibi, waliotwaa dhahabu. Wengi wa wachezaji wale walikuwa wenye asili ya Asia, na mwezi Agosti mwaka huohuo Idi Amin alikuwa ametangaza kuwafukuza Waasia nchini. Timu ilikuwa uwanjani huku nyumbani kwao kunavunjwa. Uganda haijarudi tena Olimpiki katika mchezo huu.

Tanzania ilipata nafasi Moscow 1980 baada ya mataifa mengi kususia, ikafungwa 18-0 na India, walioibuka mabingwa. Mpaka leo mashabiki huitaja mechi hiyo kwa kicheko, jambo ambalo si haki. Wachezaji waliozoea viwanja vya udongo na nyasi walikutana na nyasi bandia, zilizoanza kutumika Olimpiki Montreal 1976. Kwenye udongo mpira hudunda na kupungua kasi, na beki hupata nafasi ya kufikiri. Kwenye nyasi bandia zilizolowa maji mpira huja moja kwa moja. Mguu uliochelewa nusu hatua umeshatoa kona fupi.

Hapo ndipo lilipo tatizo, na si la Kenya peke yake. Ulinzi hujifunzwa kwa mechi ngumu, nyingi, kwenye uwanja sawa na ule wa mashindano. Nairobi, Kampala na Dar es Salaam zinaunganishwa kwa basi, lakini klabu zake hukutana kwa nadra, na kila nchi inahesabu viwanja vyake vya nyasi bandia kwa vidole. Beki anayekabili washambuliaji walewale msimu mzima huzoea hila zao. Akikutana na wageni, anashangaa.

Mzee alitishia mara mbili mwaka huu kuacha kuja. Mkewe hamwamini tena. Jioni za Jumamosi huwakusanya watoto wa mtaa nyuma ya duka lake, kwenye lami, na magongo manne ya kugawana. Hawafundishi kufunga. Anawafundisha kuinama, na mtoto ambaye mpira unamgusa mguu anampisha mwenzake gongo.