Mazimwi 300 Wanakuja, Nyie Mko Wanne!

Mpenzi msomaji, kama wewe na mwenzio mmechoka na Jumamosi za kukaa kwenye kochi, mmoja na rimoti, mwingine na simu, mwezi huu nina jambo la kuwashauri. Siyo safari ya ufukweni wala chakula cha bei mbaya hotelini. Ni mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi. Na ndani ya mchezo huo nataka tuongelee kitu kimoja kinachowashinda wengi: vita vikubwa.

Kwa wasioujua, mchezo wenyewe uko hivi. Watu wanne au watano wanakaa kuzunguka meza. Kila mmoja ana mhusika wake: shujaa wa upanga, tabibu, mwizi, au mchawi (usishtuke, ni wa hadithini tu). Mmoja wao anakuwa msimulizi, anaeleza nchi ilivyo na kuwasemea maadui wote. Wachezaji wanasema wahusika wao wanafanya nini, na pale ambapo matokeo hayajulikani, linarushwa dadu la pande 20. Hadithi haiishi usiku mmoja, inaweza kwenda miezi, hata miaka. Maarufu kuliko yote ni Dungeons & Dragons, iliyotoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson.

Mimi na mume wangu tunaishi Minneapolis, jimbo la Minnesota. Baridi ya huku mwezi wa kwanza si ya kusimuliwa. Theluji ikishaanguka kila mtu anajifungia kwake. Kumbe ni katika miji hii hii pacha, Minneapolis na Saint Paul, ambako Arneson aliwachezesha rafiki zake hadithi za nchi aliyoiita Blackmoor, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi tulifundishwa na jirani, tukawavuta Watanzania wenzetu. Mimi ndiye msimulizi. Wachezaji ni wanne: mume wangu, wifi yangu, na mke na mume ambao ni marafiki zetu wa siku nyingi.

Tatizo liko wapi?

Hadithi nzuri, kama muvi nzuri, mwishowe hufika vitani. Jeshi la mazimwi 300 linashuka mlimani, mji una askari 200, na mashujaa wenu wanne wako juu ya ukuta. Kila mtu mezani amekaa mkao wa kula. Halafu msimulizi anaanza kurusha dadu la zimwi la kwanza, la pili, la tatu…

Hebu tupige hesabu. Kila zimwi likipewa nusu dakika tu, wote 300 watakula saa mbili na nusu. Na mzunguko mmoja wa mapigano kwenye mchezo huu huhesabiwa kuwa sekunde 6. Yaani mmekaa saa mbili na nusu kuangalia sekunde 6! Na hapo askari wa mji hawajarusha hata mshale mmoja. Pilau imepoa, mmoja anachungulia simu, mwingine anapiga miayo, na mwenzio uliyembembeleza aje anakutazama kwa jicho lile unalolijua mwenyewe.

Wahenga walisema, wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Majeshi mawili yakipigana kwenye karatasi ya msimulizi, wachezaji ndio wanageuka nyasi. Na mtu akiwa nyasi mara mbili, mara ya tatu haji.

Cha ajabu, mchezo huu ulizaliwa vitani. Kabla yake watu walikuwa wakisukuma majeshi ya vinyago vidogo juu ya meza. Mwaka 1971 Gygax na mwenzake Jeff Perren walitoa kanuni za namna hiyo, Chainmail, na hata jalada la Dungeons & Dragons ya kwanza liliuita mchezo wa vita. Kilichokuwa kipya ni kumpa kila mchezaji mtu mmoja badala ya jeshi zima. Sasa ukirudisha jeshi mezani bila mpango, unamnyang'anya mchezaji yule mtu wake mmoja. Ndiyo maana kanuni ninayoishika ni hii: jeshi ni la msimulizi, uamuzi ni wa mchezaji.

Fanya hivi

1. Piga hesabu, usirushe dadu. Wapiga mishale 40 wanahitaji kupata 17 au zaidi ili walenge shabaha. Kwenye dadu la pande 20 namba hizo ni nne tu: 17, 18, 19 na 20. Ni nafasi moja kati ya tano. Basi mishale 8 imepata, kazi imekwisha, twende mbele. Dungeon Master's Guide, kitabu cha msimulizi cha mwaka 2014, kina jedwali la hesabu za aina hii kabisa.

2. Wape kazi, siyo idadi ya maadui. "Ueni mazimwi 300" siyo kazi, ni adhabu. Kazi ni kama hizi: shikilieni daraja mpaka jua lizame, fikisheni barua kwa jemadari, zimeni moto kwenye ghala la nafaka. Kitabu cha Heroes of Battle cha mwaka 2005 kilikuja na njia hiyo: vita vigawanywe kuwa matukio ambayo kikundi kidogo kinayamudu, huku majeshi yakinguruma nyuma yao.

3. Vita vianze kabla ya vita. Katika hadithi iliyochapishwa mwaka 2006, Red Hand of Doom, wachezaji hujikusanyia alama za ushindi kutokana na yale waliyofanya kabla adui hajafika mjini. Walimpata nani wa kuwasaidia? Walimchelewesha nani njiani? Alama hizo ndizo zinazoamua hatima ya mji. Kwangu naziandika kwenye karatasi. Mkiwapatanisha wavuvi na jemadari, alama 2. Wifi yangu akipenya kambini na kufungulia farasi wa adui, alama 2. Siku ya vita kila mtu anaiona jasho lake.

4. Tega saa. Kila zamu ni dakika moja, na saa ya jikoni inatosha. Vitani hakuna nafasi ya kufunua kurasa za kanuni. Ukisita, mhusika wako anajikinga na zamu inaenda kwa mwingine.

5. Kila uamuzi uwe na bei. Ukichagua huku, kule kunapotea kitu, na kikipotea kisirudi bure. Hii ndiyo tamu kuliko zote, na ndiyo chungu.

Usiku wa daraja

Huo uchungu tuliuonja msimu wa baridi uliopita. Wale marafiki zetu wawili, mume ni nesi wa zamu za usiku, mke anafanya kazi benki. Jumamosi moja kwa mwezi kwetu ilikuwa ndiyo jioni yao ya uhakika ya kukaa pamoja.

Mezani, shemeji alikuwa nahodha wa daraja. Mke wake alikuwa tabibu, naye alivuka mto kuwafuata majeruhi. Mazimwi wakatokea. Nikamwambia, "Shemeji, ukikata kamba sasa hivi, daraja linaanguka, mji unapata alama 3. Ukisubiri mizunguko miwili, majeruhi wanaweza kuvuka, lakini adui naye anaweza kufika. Una dakika moja."

Mume wangu akaacha kutafuna. Shemeji aliitazama ramani, akaitazama karatasi ya alama, akahesabu kwa vidole. Hakumtazama mkewe. Saa ikalia.

"Kata kamba."

Mji ukapona. Wifi akapiga meza kwa furaha. Mwenye tabibu alikaa kimya, kisha akasema taratibu, "We mwanaume, hata hukuniuliza tunahitaji muda gani."

Shemeji akaanza, "Lakini mji unge…" Halafu akanyamaza. Kweli alikuwa na nafasi ya kuuliza. Mto wenyewe mwembamba, sauti ingefika. Nikasema tupumzike kwa chai. Wale wawili wakabaki jikoni wakiosha vyombo, na vyombo vyenyewe havikuwa vingi kihivyo.

Wiki iliyofuata dada yule akanipigia simu. "Mwenzangu, wala hatukuongelea daraja. Tumeongelea zamu." Kumbe mumewe alikuwa akijiandikisha zamu za ziada wikiendi baada ya wikiendi kwa ajili ya nyumba wanayojenga Kibaha. Pesa ilikuwa inaenda mahali pazuri, hilo hakuna aliyelibishia. Ila kila mara aliamua peke yake, mke anakuja kuona ratiba imeshabandikwa kwenye friji. Wamekubaliana kwamba kabla ya kuandika jina, kwanza anauliza.

Wakati huo huo tabibu bado alikuwa ng'ambo ya mto na majeruhi 30. Shemeji aliniomba kiaina nimrudishe. Nikakataa. Bei ni bei. Walitumia Jumamosi tatu kumfuata, wakajenga chelezo, wakapoteza farasi wawili, na nakuambia, hizo ndizo Jumamosi zilizochangamka kuliko zote tulizowahi kucheza. Mara hii nahodha aliuliza kila hatua, mpaka tabibu akamwambia apunguze maswali!

Tahadhari kidogo

Usije ukadhani nakuambia uwatege wenzio. Msimulizi siyo mshauri wa ndoa, na meza siyo mahakama. Kabla hamjaanza vita, muulize kila mtu ni mambo gani hataki kuyaona hadithini, na muyaache. Ukiona mtu ameumia kweli, simamisha mchezo, chemsha chai. Mazimwi watasubiri, hawana pa kwenda.

Na usilazimishe vita vimalizike mpaka zimwi la mwisho. Ushindi ukishajulikana, eleza kwa sentensi tatu jinsi waliobaki walivyokimbia, kisha uliza swali muhimu zaidi: nani amepona, nani hajaonekana, na nani ataenda kumtafuta?

Kwa kuanzia, usitake makubwa. Tafuta watu wanne, dadu moja, kazi tatu za kufanya na saa mbili tu. Mwenzio akisema hapendi mambo ya vita, mpe yeye daraja. Halafu kaa kimya umsikilize ataamuaje. Utamjua upya.

Haya, mpenzi msomaji, kazi kwako. Tukutane mwezi ujao!