Lugha ya Vibao vya Njia katika Stesheni za Kubadilishia Treni: Safari ya Mtu wa Mbooni

Milima ya Mbooni haipitiwi na reli. Msafiri atokaye huko hushuka kwa matatu hadi Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni, kisha akaendelea hadi Emali, na ni Emali ndipo anapokutana na reli. Tena hakutani na reli moja bali mbili: ile nyembamba iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, na ile pana iliyofunguliwa kwa abiria mwaka 2017. Akipanda treni ya reli pana huteremshwa kwenye stesheni iliyo nje ya kitovu cha jiji, upande wa Syokimau, na hapo hana budi kutafuta treni nyingine, au gari, la kumfikisha mjini. Safari yake, basi, ni safari ya kubadilisha vyombo, na kila badiliko humpa dakika chache za kuamua aende upande gani. Ikiwa ni mzee anayepelekwa hospitali, au mama mwenye mtoto mgongoni na gunia la maembe mkononi, kosa la kushika mlango usio wake si jambo dogo. Humgharimu nauli ya pili, na pengine miadi yake.

Kwa kawaida vibao vya njia huhesabiwa kuwa kazi ya wahandisi na wachoraji. Ni kweli kwamba hao wamefanya mengi. Massimo Vignelli na Bob Noorda, waliotunga mwongozo wa vibao vya reli ya chini ya ardhi ya New York mwaka 1970, walisisitiza kwamba abiria apewe habari pale tu anapotakiwa kuamua, si kabla wala si baada. Nchini Uingereza, Jock Kinneir na Margaret Calvert waliziwekea stesheni zote za reli ya taifa aina moja ya herufi katika miaka ya 1960. Lakini herufi nzuri haitibu neno lenye maana mbili, na hapo ndipo kazi ya mwanalugha inapoanza. Kwa kweli ilipasa ianze mapema zaidi, kabla ya rangi kununuliwa.

Yafaa kwanza kutenganisha dhana mbili ambazo aghalabu huchanganywa. Njia panda ya reli ni mahali njia zinapoachana, kama vile Konza, ambako tawi la Magadi hutoka kwenye njia kuu. Stesheni ya kubadilishia treni ni mahali watu wanapohama kutoka chombo kimoja hadi kingine. Njia panda humhusu dereva na mwelekeza reli. Stesheni ya kubadilishia humhusu abiria. Konza yaweza kuwa njia panda bila abiria yeyote kushuka, na stesheni ya upande wa Syokimau ni ya kubadilishia hata kama reli mbili hizo, zenye upana tofauti, haziwezi kupokezana treni.

Sasa na litazamwe neno dogo ambalo kila stesheni hulihitaji, yaani neno la mahali pa kutokea. Kibao chenye TOKA hakifai. Kitenzi katika hali ya kuamrisha, kikisimama peke yake bila adabu ya «tafadhali», ni neno la kumfukuzia mbwa au mwizi, na mzee wa Kiswahili akilisoma mlangoni atadhani anatukanwa. Kibao chenye KUTOKA kina adabu, lakini kina tatizo jingine: neno hilo limekwisha kuwa kihusishi pia. Katika stesheni ya kawaida hakuna madhara. Katika stesheni ya kubadilishia, ambako vibao vingine husema «Treni kutoka Mombasa» na «Treni kutoka mjini», abiria anayesoma KUTOKA na mshale, na chini yake jina la mji, hawezi kujua kama anaonyeshwa mlango wa kutokea au mahali treni fulani inapofikia. Njia ya kutokea, kwa kauli yake ya kutendea, ni maneno matatu badala ya moja, lakini hayana shaka. Mchoraji atalalamika kwamba kibao hakitoshi. Na kipanuliwe kibao.

Hali kadhalika jina la mahali abiria anaposimama kungoja treni. Wako wanaosema jukwaa, wako wanaosema platifomu. Jukwaa ni neno zuri, ingawa mtu asiyezoea stesheni hulifahamu zaidi kuwa mahali pa kuhutubia au kuigizia. Platifomu halina mzizi wa Kibantu, lakini stesheni, tiketi na reli pia hazina, na hakuna anayezikataa. Hoja ya msingi si lipi litachaguliwa. Hoja ni kwamba lililochaguliwa Emali lisiachwe Syokimau, na lililochapwa kwenye tiketi ndilo litamkwe kwenye kipaza sauti. Msafiri aliyesoma «jukwaa la 2» kwenye kibao, akasikia «platifomu namba mbili» kutoka darini, akaona «laini ya 2» ukutani, hufikiri ameambiwa mambo matatu. Visawe ni utajiri kwa mshairi. Kwa abiria mwenye haraka ni hasara.

Majina ya treni na ya stesheni nayo yana mtego wake. Madaraka Express ni jina la huduma nzima ya abiria wa reli pana, hata la treni inayosimama kaunti baada ya kaunti, ambayo ndiyo inayomfaa mtu wa Emali. Ajuaye Kiingereza atatazamia kwamba treni yenye jina hilo haisimami njiani. Asiyekijua atalichukua jina kama jina tu, na pengine atakuwa salama zaidi kuliko mwenzake. Ingefaa vibao viseme waziwazi «Treni ya kusimama njiani» na «Treni ya moja kwa moja», na jina la biashara libaki ubavuni mwa behewa. Vilevile neno Nairobi hubebwa na stesheni mbili, ile ya zamani iliyo mjini na ile ya reli pana, ambayo hutofautishwa kwa neno la Kiingereza Terminus. Kwa aliyekuja kwa mara ya kwanza, Nairobi ni Nairobi. Kibao cha kumsaidia kingesema, pale pale anaposhuka: «Treni za kwenda katikati ya mji», kisha mshale.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kifungu hicho hicho kinaiagiza dola kukuza lugha za wenyeji. Agizo hilo halina maana kwamba kila kibao kibebe lugha kumi, kwani kibao chenye lugha kumi hakisomwi na yeyote anayekimbia. Lakini reli hii imekata Ukambani, na majina ya stesheni ni mahali ambapo Kikamba kinaweza kuheshimiwa bila kuongeza hata neno moja. Syokimau, jina la nabii wa kike ambaye masimulizi ya Akamba yanasema aliagua kuja kwa nyoka mrefu kabla reli haijajengwa, limeandikwa kwa tahajia ya Kikamba. Mtu wa Mbooni hulisoma bila shida, na ni Mswahili wa Lamu anayekwama kwenye sy- ya mwanzo. Mtito Andei ni kinyume chake. Kwa kawaida jina hilo huelezwa kuwa ni msitu wa tai walao mizoga, lakini maandishi yake ni ya masikio ya wageni, na Mkamba hulitamka tofauti na linavyoandikwa. Kipaza sauti kikilitamka kwa mdomo wa mgeni, mwenyeji atamwuliza jirani ni stesheni gani hiyo.

Wamo pia wasiosoma lugha yoyote. Katika reli ya chini ya ardhi ya Jiji la Mexico, iliyofunguliwa mwaka 1969, Lance Wyman alisaidia kukipa kila kituo picha yake, ili asiyejua kusoma ajue ashuke wapi. Mtito Andei ingeweza kuchorewa tai, na Voi ndovu wa Tsavo. Emali ingehitaji mjadala wa wenyeji, na mjadala huo usingekosa kelele. Sharti ni lile lile la maneno: tai aliye kwenye tiketi awe ndiye tai aliye ukutani, si ndege mwingine aliyechorwa na mkandarasi mwingine, na mtangazaji amtaje kwa jina lile lile.