Mnyama Mkubwa wa Tendaguru

Maneno yetu ya leo ni habari za mnyama ambaye hakuna binadamu aliyepata kumwona akiwa hai, si babu zetu wala babu za babu zao. Basi, huenda mtu akauliza: asiyeonwa hujulikanaje? Jibu lake limo ardhini, katika kilima cha Tendaguru, bara ya mji wa Lindi, kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania.

Mwaka 1906 Mjerumani mmoja mhandisi wa madini, Bernhard Sattler, alikuta hapo mifupa mikubwa mno imejitokeza juu ya ardhi. Mwaka 1909 jumba la makumbusho la Berlin likawatuma mabingwa wawili, Werner Janensch na Edwin Hennig, waje kuchimba. Na kazi ile iliendelea hata mwaka 1913.

Mkubwa kupita wote waliofukuliwa huko sasa huitwa Giraffatitan, maana yake jitu mfano wa twiga. Alikuwa wa jamii ya dinosaria, na chakula chake majani. Mfupa wake kutoka bega hata kiwiko una urefu wa futi 7. Mtu mrefu akisimama kando yake, mfupa humpita. Kiunzi chake, kilichosimamishwa Berlin mwaka 1937, kina kimo cha futi 43. Ukiweka twiga juu ya twiga, wote wawili hawamfikii.

Mfupa mtupu huoza. Lakini mnyama akifa karibu na maji, akafunikwa upesi na matope, maji yenye chembe za madini huingia katika vitundu vya mfupa, na polepole mfupa hugeuka jiwe. Huko Tendaguru mabingwa walikuta tabaka ya mifupa, juu yake tabaka yenye makombe ya baharini, kisha mifupa tena. Ndipo walipotambua kwamba zamani hapo palikuwa pwani, na bahari ilikuwa ikija na kurudi.

Zamani gani? Yapata miaka milioni 150. Tuseme kila hatua ya mguu ni miaka milioni moja: itakupasa kurudi nyuma hatua 150 ndipo umkute mnyama huyu. Ukifika hatua ya 66 kutoka hapa tulipo, utakuta msiba mkuu: jiwe kubwa kutoka angani liliipiga dunia mahali ambapo leo ni Meksiko, na dinosaria wote waliosalia wakatoweka, ila jamii ya ndege. Na sisi wanadamu, habari zetu zote hazijazi hata nusu ya hatua moja.

Sasa tusisahau mikono iliyofukua. Mamia ya watu wa kusini walichimba, wakaifunga mifupa kwa plasta na mianzi, wakaichukua vichwani na mabegani siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi, kwa kuwa reli haikuwapo. Ilipelekwa Ulaya zaidi ya tani 200. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, fundi hodari wa kuitoa mifupa isivunjike. Mwaka 2007 dinosaria mwingine wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Ni haki yake, ingawa ilichelewa. Na hata leo mtu wa Lindi atakaye kukiona kiunzi kile kikubwa sharti avuke bahari.

Basi, wasikilizaji, ye yote alimaye au achimbaye kisima akikuta mfupa mzito kama jiwe, asiuvunje wala asiuondoe. Autie alama mahali pake, awaarifu wakuu wa mahali au mwalimu wa shule. Kwa maana mfupa ulioondolewa hutuambia ukubwa wa mnyama tu. Mfupa ulio mahali pake hutuambia pia aliishi lini, na nchi yetu ilikuwaje siku zile. Kwaherini.