Pampu kuukuu zinavyotafuna umeme hospitalini

HOSPITALI inaweza kuwa na madaktari hodari na dawa za kutosha, lakini maji yakikatika upasuaji huahirishwa, shuka hazifuliwi na wagonjwa wa figo hukosa huduma ya kusafishwa damu.

Katika miji ya Meru na Embu, iliyo kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ni rahisi kudhani kwamba maji si tatizo kwa kuwa mito ni mingi. Hata hivyo, katika majengo ya ghorofa maji hulazimika kupandishwa hadi kwenye matangi ya juu ndipo yateremke wodini. Kazi hiyo hufanywa na pampu, chombo ambacho wengi hukikumbuka siku kinapozimika.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza lita 40 hadi 60 za maji kwa siku kwa kila mgonjwa aliyelazwa, na lita 100 kwa kila upasuaji. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa saa nne huhitaji takriban lita 120 za maji yaliyochujwa kikamilifu.

Mahitaji hayo yaliongezeka baada ya mwaka wa 2015, serikali ya kitaifa ilipoanza kukodisha vifaa vya kisasa, zikiwemo mashine za kusafisha damu, kwa hospitali mbili katika kila kaunti. Mashine mpya ikiletwa huku pampu ikibaki ile ile ya zamani, mzigo wote huiangukia pampu.

Pampu haichakai kwa siku moja. Gurudumu la ndani linalosukuma maji hulika polepole, beringi hulegea na mabomba hushika kutu. Mota iliyoungua na kusukwa nyaya upya mara kadhaa bila uangalifu hupoteza nguvu zaidi kwa njia ya joto. Maji huendelea kupanda, lakini kila lita hugharimu umeme mwingi kuliko awali.

Kwa mfano, chukulia hospitali inayopandisha lita 100,000 kwa siku hadi kimo cha mita 40. Pampu nzuri yenye ufanisi wa asilimia 70, ikiendeshwa na mota ya asilimia 90, itatumia takriban uniti 17 za umeme. Pampu iliyochoka ya asilimia 40, yenye mota ya asilimia 80, itatumia uniti 34 kwa kazi hiyo hiyo. Tofauti hiyo ni zaidi ya uniti 6,000 kwa mwaka.

Tangu huduma za afya zilipokabidhiwa kaunti mwaka wa 2013, gharama kama hizo hutoka katika bajeti ile ile inayonunua dawa.

Wakazi wa Embu wana mfano karibu nao. Kituo cha umeme cha Kindaruma katika Mto Tana, kilichoanza kazi mwaka wa 1968 kikiwa na uwezo wa megawati 40, kilifikisha megawati 72 mwaka wa 2013 baada ya mitambo yake miwili kukarabatiwa na wa tatu kuongezwa. Bwawa lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni mitambo.

Hata hivyo, kununua pampu mpya si hatua ya kwanza. Hatua ya kwanza ni kupima: maji kiasi gani yanapita, kwa shinikizo gani na kwa umeme kiasi gani. Kanuni za mwaka wa 2012 ziliwataka watumiaji wa kuanzia uniti 180,000 kwa mwaka wafanyiwe ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu. Mara nyingi ukaguzi hufichua mabomba yanayovuja au pampu kubwa kupita kiasi, inayofanya kazi huku vali ikiwa imefungwa nusu.

Kifaa cha kurekebisha mwendo wa mota nacho husaidia. Katika mfumo ambao kazi kubwa ni kuushinda msuguano wa mabomba, mwendo ukipunguzwa kwa asilimia 20, umeme unaotumika hushuka hadi karibu nusu. Lakini pale ambapo kazi kubwa ni kupandisha maji hadi tangi la juu, faida hiyo hupungua sana. Hapo, pampu ya ukubwa unaofaa ndiyo tiba.

Kifaa hicho pia huiwasha mota polepole. Mota inayowashwa kwa ghafla huvuta mkondo wa umeme mara tano hadi saba ya kawaida, na huweza kuilemea jenereta wakati umeme umepotea, kama ilivyotokea karibu nchi nzima mnamo Agosti, Novemba na Desemba 2023.

Kuhusu kutegemewa, kanuni ni kuwa na pampu mbili, kila moja ikiweza kutosheleza mahitaji peke yake, na kuziendesha kwa zamu. Pampu ya akiba isiyowashwa kwa miezi mingi huweza kukwama siku inapohitajika.

Kwa maafisa wa ununuzi, suala kuu ni zabuni. Bei ya pampu ni sehemu ndogo tu ya gharama zake; nyingi hulipwa baadaye kupitia umeme na matengenezo. Zabuni inayotazama bei ya dukani pekee yaweza kuiletea hospitali pampu rahisi itakayolipiwa kwa miaka 15.

Hivyo basi, kila zabuni inapaswa kudai mambo matatu: ufanisi wa pampu katika kiwango halisi cha matumizi, upatikanaji wa vipuri karibu, na mafunzo kwa mafundi wa hospitali watakaoitunza.